Maudhui ya Biashara: Wingi, Itibari na Mizani ya Faida

Mwenye biashara ambaye leo ataomba nasaha juu ya namna ya kujitangaza kwa makala, video na mafunzo ya bure, badala ya kununua nafasi za matangazo, atapewa majibu yanayopingana kiasi cha kumfadhaisha. Mshauri mmoja atamhimiza achapishe kila siku, kwa kuwa asiyeonekana husahauliwa. Wa pili atamwonya kwamba wingi huo ndio unaowachosha watu, na kwamba makala moja nzuri kwa mwezi yamtosha. Atasikia kwamba akili mnemba imemwondolea gharama ya waandishi, kisha asikie kwamba maandishi ya mashine yatamharibia jina. Ataambiwa ahamie TikTok, na kesho yake aambiwe kwamba kuutegemea mtandao wa mtu mwingine ni hatari. Kila mmoja katika washauri hao ana mifano ya kweli ya kuthibitisha rai yake, na kwa sababu hiyo fadhaa haiondoki kwa kusikiliza washauri zaidi. Makusudio ya uchambuzi huu ni kueleza asili ya jambo lenyewe, kuonyesha sababu zilizoleta mgongano, kuzitazama rai zinazoshindana pamoja na nguvu na udhaifu wa kila moja, na mwishoni kuzitia zote katika mizani.

Asili ya desturi hii

Desturi ya mfanyabiashara kutoa maarifa bure ili apate kuuza bidhaa ni kongwe kuliko intaneti, na hata kuliko redio. Mwaka 1895 kampuni ya Deere ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza plau, ilianzisha jarida liitwalo The Furrow, lililowapa wakulima mafunzo ya kazi yao, na jarida hilo lingali likichapishwa hata sasa. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi, walipiga chapa nakala 35,000 za kitabu cha kuwaongoza wasafiri, wakazigawa bila ya malipo, ilhali nchi yao nzima ilikuwa na motakaa zisizofika 3,000. Kitabu kilionyesha mahali pa kupata petroli, fundi, chakula na malazi, kwa hesabu iliyo wazi kwamba mtu akisafiri zaidi, matairi yake yatalika zaidi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Procter & Gamble, wauzaji wa sabuni, iligharimia michezo ya kuigiza ya redio kama Ma Perkins, ulioanza mwaka 1933, kwa kuwa waliozoea kusikiliza kila mchana ndio hao waliofua nguo. Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu ni Shamba Shape Up, kipindi cha televisheni kilichoanza nchini Kenya mwaka 2012, ambamo wataalamu huzuru shamba la mkulima mdogo na kulitengeneza mbele ya watazamaji, huku gharama zikichangiwa na mashirika pamoja na makampuni yenye bidhaa za kilimo.

Katika mifano hiyo mna masharti matatu yaliyotimia kwa pamoja. La kwanza, mtoaji alikuwa na kitu halisi cha kutoa, ama ujuzi uliotokana na kazi yake ama burudani aliyoigharimia kwa ukamilifu. La pili, mpokeaji alinufaika hata kama hakununua chochote. La tatu, watoaji wa namna hiyo walikuwa wachache, maana kupiga chapa nakala 35,000 au kununua saa za redio hakukuwa jambo la kila mtu. Migogoro ya leo, ijapokuwa huonekana mingi na mbalimbali, kwa sehemu kubwa inatokana na kuvunjika kwa sharti hilo la tatu, wakati ambapo watu wengi wanajibidiisha kana kwamba yale mawili ya kwanza ndiyo yaliyobatilika.

Sababu za mgongano wa sasa

Sababu ya kwanza ni kushuka kwa gharama ya kuchapisha. Mwezi Januari 1996 Bill Gates aliandika kwamba sehemu kubwa ya fedha za intaneti itatokana na maudhui, na wengi waliomwamini wakaingia katika kazi hiyo kwa wingi. Kufika Januari 2014 mwandishi wa mambo ya masoko, Mark Schaefer, alikuwa akitoa tahadhari kwamba maudhui yanaongezeka kwa kasi isiyolingana na wasaa wa watu wa kuyasoma, na kwamba kwa ajili hiyo gharama ya kumfikia msomaji mmoja itapanda mwaka hata mwaka. Tarehe 30 Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT, kazi ya kuunganisha sentensi ikawa karibu ya bure, na upungufu wa zamani, uliokuwa ukimlinda mwenye mtaji, ukaondoka kabisa. Siku ya msomaji, hata hivyo, ingali na saa 24, na katika hizo hulala, hufanya kazi na hulea watoto.

Sababu ya pili ni kubadilika kwa wapatanishi wanaosimama baina ya mwandishi na msomaji. Kwa muda wa miaka mingi palikuwa na mapatano yasiyoandikwa: mfanyabiashara huandika jibu la swali la watu, Google humletea wenye swali, na Google yenyewe hupata fedha zake katika matangazo yaliyo kando ya majibu. Mapatano hayo yalitikisika mwezi Mei 2024, Google ilipoanza kuwaonyesha watu wote wa Marekani muhtasari uliotungwa na akili mnemba juu ya orodha ya majibu, kisha ikaeneza utaratibu huo katika nchi nyingine. Mwenye swali jepesi sasa hupata jibu pale pale asiende mbele, na aliyeliandika jibu hilo kwanza hubaki na gharama yake pasipo mgeni.

Wingi au uteuzi

Wanaotetea wingi wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Husema kwamba hakuna ajuaye kwa yakini ni makala ipi itakayopendwa, hivyo anayechapisha mara nyingi hujipatia nafasi nyingi za kufaulu. Kwamba mitandao ya kijamii haiwakumbuki wanaokaa kimya. Na kwamba mkono wa mwandishi hupata wepesi kwa mazoezi. Hoja hiyo ina nguvu hasa kwa biashara changa ambayo bado haijajua wateja wake huuliza nini, kwa kuwa kila chapisho ni jaribio la gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba anayelazimika kusema kila siku huishiwa na la kusema kabla ya mwezi kwisha, ndipo anapoanza kuyanakili ya jirani, na jirani naye ameyanakili kwa mwingine, mpaka soko zima likawa linasema neno moja.

Historia imekwisha kutoa hukumu juu ya wingi uliokithiri. Kampuni ya Demand Media ya Marekani iliwalipa maelfu ya waandishi ujira mdogo ili waandike kwa haraka majibu ya kila swali ambalo watu hulitafuta, na ilipouza hisa zake mara ya kwanza mwezi Januari 2011 ilithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mwezi uliofuata Google ilibadilisha kanuni zake kwa makusudi ya kuzishusha tovuti zenye maandishi hafifu, na kampuni ile haikurudi tena katika hadhi hiyo. Funzo lake ni pana kuliko kisa chenyewe: faida iliyosimama juu ya mwanya wa kanuni za mtu mwingine hudumu kwa muda ule tu ambao mwenye kanuni hajauziba.

Wanaotetea uteuzi, kwa upande wao, husema kwamba kazi chache zilizokamilika hudumu miaka na kuwaleta wateja hata mwandishi akiwa usingizini. Ni kweli, lakini nao wana aibu zao. Kazi iliyokamilika huhitaji fedha na subira, vitu ambavyo mwenye duka anayedaiwa kodi ya pango aghalabu hana. Fauka ya hayo, neno ubora limekuwa kwa wengi udhuru wa kutochapisha, na mwenye kuupima ubora huo mara nyingi ni mwandishi mwenyewe, ambaye huvutiwa na ufasaha wakati mteja alitaka bei, vipimo na namna ya kutumia.

Mashine au mwandishi

Ugomvi juu ya akili mnemba umechangamka kuliko mwingine wowote, na kwa sehemu umechangamka kwa kutofahamika. Wako wanaoamini kwamba Google imeyaharamisha maandishi ya mashine, ilhali mwezi Februari 2023 kampuni hiyo ilieleza kwamba hutazama manufaa ya maandishi na si njia yaliyotungiwa, na kanuni zake za Machi 2024 zilikataza kuchapisha maandishi kwa wingi ili kuhadaa mtambo wake wa utafutaji, yawe ya mashine au ya binadamu. Kinachoadhibiwa, basi, ni ule ule wingi mtupu wa mwaka 2011, isipokuwa sasa umepata chombo chenye kasi zaidi.

Wenye kuitetea mashine husema kweli wanapotaja kwamba humwezesha fundi hodari asiyejua kuandika kuyatoa aliyo nayo kwa maneno yaliyonyooka. Kwamba huandika mazungumzo yaliyorekodiwa, hufupisha, na hupanga rasimu katika dakika chache. Wanaoipinga nao wana ushahidi mzito. Mwezi Januari 2023 ilidhihirika kwamba tovuti ya CNET ilikuwa imechapisha makala kadhaa za mambo ya fedha zilizotungwa na mashine, na zilipokaguliwa zaidi ya nusu zilihitaji kusahihishwa. Mojawapo ilimweleza msomaji kwamba akiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 atapata dola 10,300 mwisho wa mwaka, kana kwamba rasilimali yake na faida yake ni kitu kimoja. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo jarida la Sports Illustrated lilionekana kuwa na tathmini za bidhaa zilizotiwa majina ya waandishi wasiokuwako duniani, wenye picha zilizotengenezwa na mashine. Katika kisa cha kwanza kilichopotea ni usahihi. Katika cha pili ni uaminifu, na huo wa pili ni mgumu zaidi kuurudisha.

Hata hivyo hoja iliyo nzito kuliko makosa hayo ni nyingine, kwa kuwa makosa yaweza kupungua kadiri mashine zinavyoboreshwa. Mashine hukusanya yaliyokwisha kuandikwa, nayo haijui kwa nini pampu za namna fulani hurudishwa dukani kila baada ya masika, maana jambo hilo linajulikana na fundi aliyezifungua wala halijaandikwa popote. Biashara inayoiagiza mashine itunge makala juu ya pampu bila ya kumuuliza fundi huyo hupata maandishi ambayo mshindani wake anaweza kuyapata kwa agizo lile lile, na kile ambacho kila mtu anacho hakimtofautishi mtu yeyote.

Mitandao ya wengine au njia ya mwenyewe

Mjadala wa tatu unahusu mahali pa kuyaweka maudhui. Mitandao ya kijamii ina faida iliyo dhahiri: watu wamekwisha kukusanyika humo, kufungua ukurasa hakuna ada, na tangu Januari 2018, ilipotolewa programu ya WhatsApp kwa ajili ya biashara ndogo, muuzaji wa vitenge wa Kariakoo au Gikomba amekuwa na duka, kaunta na daftari la maagizo ndani ya simu moja. Kumwambia mtu huyo aanze kwa kujenga tovuti ni kumtwisha gharama kabla ya faida. Zaidi ya hayo, njia ya mwenyewe nayo ina mizigo ya sheria, kwa mfano kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni ya kulipiwa.

Lakini mwenye mtandao ndiye mwenye amri. Mwezi Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya jamaa na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara, na kurasa zilizokuwa zimetumia miaka kukusanya wafuasi zikajikuta zikilipia kuwafikia wafuasi hao hao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa saa zipatazo sita duniani kote, na wenye kuuza humo tu wakawa wamefunga maduka bila ya hiari yao. Nchini Uganda serikali ilifunga Facebook mwezi Januari 2021 katika siku za uchaguzi mkuu, na kufuli hilo halikufunguliwa uchaguzi ulipokwisha. Hatari hizi hazifanani, maana moja ilitokana na maslahi ya kampuni, nyingine na hitilafu ya mitambo, na ya tatu na siasa. Ila zote zinashuhudia kwamba wafuasi waliohesabiwa katika ukurasa si mali ya mwenye ukurasa.

Kwa sababu hizo wengi hushauri kukusanya namba za simu na anwani za baruapepe za wateja walioridhia, ili biashara iweze kuwafikia pasipo mpatanishi. Hapo huzuka ugomvi mdogo: je, mtu alipe kwa kuacha namba yake kabla ya kupewa mwongozo, au apewe bure? Kudai namba huleta orodha, lakini hupunguza wasomaji na huwakusanya wengi wasiokuwa na nia ya kununua. Kisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimemwekea mkusanyaji wajibu wa kupata idhini na kuitunza amana hiyo. Orodha fupi ya watu walioomba wenyewe ina thamani kuliko ndefu iliyopatikana kwa hila.

Tatizo la kupima

Migongano yote iliyotajwa ingekwisha upesi lau faida ya maudhui ingepimika kwa usahihi, lakini haipimiki. Hesabu zilizo rahisi kupatikana, kama idadi ya waliotazama au waliopenda, hazina uhusiano wa lazima na mauzo. Na zile zenye uhusiano huo zimekuwa ngumu kupatikana, hasa tangu Aprili 2021, Apple ilipozilazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kufuatilia nyendo za mwenye simu. Katika Afrika ya Mashariki kuna pazia jingine: makala nzuri husambazwa katika makundi ya WhatsApp, mume akimpelekea mke na mwenyekiti wa chama akiwapelekea wanachama, na safari hiyo haionekani katika takwimu zozote.

Watafiti wa Uingereza, Les Binet na Peter Field, katika kazi yao ya mwaka 2013 iliyochunguza kumbukumbu nyingi za kampeni za matangazo, walipendekeza kwamba kwa wastani asilimia 60 ya fedha ielekezwe katika kulijenga jina la biashara kwa muda mrefu, na asilimia 40 katika kuchochea mauzo ya karibu. Nguvu ya rai hiyo ni kuonyesha kwamba anayetafuta mauzo ya wiki hii peke yake huyala mazao ya mwakani. Udhaifu wa wanaoinukuu ni kuifanya hesabu ya wastani kuwa sheria ya kila duka. Duka laweza kujipima kwa njia nyepesi zaidi: karani anayemuuliza mteja amesikia wapi habari za duka hupata jibu lenye kasoro, kwa kuwa kumbukumbu za watu hukosea, lakini mara nyingi jibu hilo humfaa mwenye duka kuliko idadi ya mioyo myekundu iliyobonyezwa.

Suala la lugha

Katika nchi zetu mna mjadala ambao vitabu vya Marekani havina haja ya kuutaja. Wako wanaosema kwamba maudhui ya biashara yaandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho chenye wanunuzi wenye fedha na istilahi zilizo tayari. Wako wanaoshikilia Kiswahili, kwa kuwa ndicho cha soko. Na katika Nairobi wako wanaotaka Sheng, kwa kuwa vijana husadiki kinachosemwa kama wasemavyo wao. Kila lugha ina bei yake: Kiingereza humtosa mwandishi katika bahari ya washindani wa dunia nzima, Sheng hubadilika upesi na kumchakaza anayeigiza, na Kiswahili sanifu kikizidi ugumu humfanya muuzaji asikike kama mtoa waraka wa serikali. Lakini kwa hesabu ya uhaba, Kiswahili kina nafasi ambayo haijatumiwa ipasavyo, maana maswali yanayoulizwa kwa lugha hiyo ni mengi kuliko majibu yaliyoandikwa kwa uangalifu, na mashine zilizojifunza kutokana na maandishi ya Kiingereza kwa wingi zingali zikikiandika kwa namna ambayo mzawa huitambua kwa sikio la kwanza.

Mizani

Tukizikusanya rai hizi pamoja, twaona kwamba zote huzunguka sababu moja: uandishi umekuwa rahisi, wasaa wa msomaji haukuongezeka, na kwa hiyo thamani imehamia katika vitu visivyoweza kuzalishwa kwa urahisi. Vitu hivyo ni viwili, ujuzi uliotokana na kazi yenyewe, na itibari iliyojengwa baina ya biashara na watu wake. Wingi wafaa pale unapotumika kutafuta maswali ya wateja, na hauna maana ukishakuwa mazoea. Mashine yafaa ikiwa katibu wa mwenye ujuzi, na huleta hasara ikiwekwa mahali pa ujuzi. Mitandao ya wengine yafaa kuwa mlango wa kuwapokelea watu, maadamu pana juhudi ya kuwafikia baadaye kwa njia isiyotegemea hisani ya mwenye mtandao. Vipimo vyafaa kuongoza, lakini visiachiwe kuamua peke yao.

Wala si kila biashara inahitaji kazi hii. Muuza mkaa ambaye wateja wake wote hukaa mtaa mmoja hujitangaza vya kutosha kwa kipimo kamili na kauli nzuri, na fedha zake zitazaa zaidi katika mzigo kuliko katika video. Maudhui humfaa zaidi yule ambaye bidhaa yake huhitaji kufahamika kabla ya kununuliwa, kama vile bima, mbegu, vifaa vya umeme wa jua, dawa za mifugo au huduma za sheria, kwa kuwa hapo mteja huogopa kukosea, na anayemwondolea hofu hiyo kwa maelezo ya kweli ndiye atakayerudiwa.

Basi mwenye biashara na asianze kwa kuuliza achapishe wapi, mara ngapi, wala kwa chombo gani. Aanze kwa kuuliza ni jambo gani yeye na mafundi wake wanalijua ambalo mteja akilijua litamfaa hata asiponunua. Akilipata, alieleze kwa lugha ya mteja huyo, kwa ukweli na kwa subira, na yale mengine yote ayahesabu kuwa vyombo vya kazi. Akilikosa, fedha yake na aitumie kwanza katika kuiboresha bidhaa, kwa maana hakuna mpango wa maudhui utakaomtolea ujuzi asiokuwa nao.